Mama akisema ni mzima, kalale kwake siku mbili: namna ya kujua mzazi mzee anahitaji msaada zaidi

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana nampigia mama simu. Yeye yuko Lushoto, mimi niko Dar es Salaam.

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"
"Hatujambo. Wewe je?"
"Mimi mzima, namshukuru Mungu. Ni haya magoti tu."

Tulienda hivyo mwaka mzima. Kila mwisho wa mwezi natuma hela ya dawa ya presha, naye ananijibu kwamba imefika na dawa kanunua. Kisha kukatokea msiba kijijini, nikaenda, nikalala kwake. Usiku umeme ukakatika. Katika kupapasa nikitafuta kiberiti nikashusha kopo la Blue Band lililokuwa juu ya kabati. Ndani mlikuwa na vidonge vya amlodipine, ile dawa yake ya presha, pakiti juu ya pakiti, hakuna hata moja iliyochanwa.

Asubuhi nikamuuliza. Alinyamaza kidogo, akiendelea kuchambua maharage. "Vinanivimbisha miguu," akasema. "Nikaona nikikwambia utahangaika, na hela yako imeshaenda." Zahanati walipompima, presha ilisoma 192 kwa 104. Miguu kuvimba ni jambo linalojulikana kwa watu wanaotumia dawa ile, na daktari alimbadilishia siku hiyohiyo. Ingekuwa kazi ya dakika kumi, nasi tulikuwa tumeipotezea mwaka.

Hakunidanganya. Kwa wazazi wetu "mzima" ni salamu, maana yake "bado nipo, usipate tabu". Ndiyo maana mwongozo huu hauna orodha ya maswali ya kumuuliza mzazi kwenye simu. Unaanza kwa kwenda.

Hatua ya 1: Nenda siku ambayo si sikukuu

Krismasi na Idi zinaficha mengi. Nyumba imepigwa deki, wajukuu wamejaa, mashangazi wanapika, na mzee amevaa nguo aliyoshonewa mwaka jana. Utaondoka umefurahi na hujaona kitu. Nenda katikati ya wiki ya kawaida, ulale angalau usiku mbili. Usimvizie; mwambie jana yake kwamba unakuja. Siku moja haitoshi kuficha mambo ya miezi sita.

Ukifika, mlinganishe na yeye mwenyewe wa zamani, si na mzee wa jirani. Baba ambaye maisha yake yote hakujali uwanja ukiwa na majani, majani hayo hayana habari. Lakini mama aliyekuwa anafagia kabla ya jua kuchomoza, ukikuta uwanja una matakataka ya wiki, hapo pana jambo. Ama mgongo umekataa, ama macho, ama moyo wa kufanya umeondoka.

Hatua ya 2: Ingia jikoni

Kama una nafasi ya kukagua sehemu moja tu, kagua jiko. Kupika kunahitaji macho, mikono, miguu, kumbukumbu na hamu, vyote kwa pamoja. Kimoja kikilegea, jiko hulisema kabla ya mtu.

Angalia masufuria. Sufuria moja kuungua ni ajali. Sufuria tatu zilizoungua chini ni mtu anayeinjika akasahau. Fungua makopo: unga umeota wadudu? Kuna sukari kilo nne na hakuna chumvi, kwa sababu kila akienda dukani anakumbuka sukari? Angalia ncha za kanga na vidole vyake kama vina alama za moto. Anayepikia mafiga huku anaona ukungu huungua kidogokidogo, na hasemi.

Kisha usiulize "unakula vizuri?" Uliza, "Jana usiku mlikula nini?" Jibu likiwa chai, uliza na juzi. Wazee wengi wanaoishi peke yao huishia kwenye chai ya rangi yenye sukari nyingi na kipande cha mkate au kiazi kilicholala, asubuhi na jioni. Wakati mwingine sababu ni upweke, maana kumpikia mtu mmoja kunachosha roho. Wakati mwingine ni meno: ukimwona anaiacha nyama na kunywa mchuzi, mwangalie mdomo kabla hujasema hamu imepotea.

Nguo nazo zinapima. Sketi iliyofungwa kwa pini, mkanda wa baba uliotobolewa tundu jipya kwa msumari. Mpeleke kwenye mzani wa zahanati, uandike namba na tarehe. Mtu wa kilo 60 akipungua kilo 3 au zaidi ndani ya nusu mwaka hadi mwaka bila kukusudia, hiyo ni sababu ya kumwona daktari. Msiseme "ni uzee tu".

Jambo moja la kwetu milimani: Juni na Julai baridi ikikaza, wazee huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Ule moshi usioonekana unaua. Ukikuta majivu pembeni ya kitanda, usiondoke kabla hujanunua blanketi zito na hamjakubaliana jiko libaki nje.

Hatua ya 3: Tandaza dawa zote mkekani

Mwombe akuletee kila dawa iliyomo ndani, na ya kwenye makopo, na iliyofungwa kwenye pindo la kanga. Zipange, uhesabu. Kama alipewa vidonge 30 vya kumeza kimoja kwa siku, siku 20 zilizopita, na vimebaki 25, hesabu imeshasema. Kama vimekwisha vyote, nalo ni tatizo: anasahau kwamba ameshameza na kumeza tena.

Shika kimoja kimoja umuulize, "Hii ya nini, na unaimezaje?" Utakuta mambo. Dawa ileile ina majina mawili, moja ya hospitali na moja ya duka la dawa, naye anameza zote mbili. Utakuta diklofenaki, ambayo wazee hununua kwa ajili ya magoti kama wanavyonunua pipi. Ikitumiwa kila siku hupandisha presha, huchoma tumbo na kuumiza figo, na anayeiuza hana habari kwamba mteja wake ana presha. Na kama ana kisukari na anameza glibenklamidi huku chakula chake ni ile chai, sukari inaweza kushuka sana: jasho, kutetemeka, maneno ya ajabu, kuanguka. Watu watasema amepandwa na mashetani. Mpe kitu cha sukari haraka kama anaweza kumeza, kisha hospitali.

Usitupe dawa wala usimwachishe kwa uamuzi wako. Zitie zote kwenye mfuko mmoja uende nazo kwa daktari. Mfuko huo utamsaidia kuliko maelezo yako ya nusu saa.

Hatua ya 4: Mtazame anavyosimama

Kuna kipimo ambacho hakihitaji hospitali. Weka kiti, pima hatua zinazofika mita 3, weka alama. Mzee akae, ainuke, atembee mpaka kwenye alama, ageuke, arudi, akae. Atembee mwendo wake wa kawaida, na fimbo yake kama anayo. Wewe hesabu kwa simu. Ikifika sekunde 12 au zaidi, yuko kwenye hatari ya kuanguka. Kwa mama nilifanya kama mchezo na wajukuu, kila mtu akapimwa; alitumia sekunde 19 na alishika ukuta wakati wa kugeuka.

Kuanguka tusikuchukulie kama bahati mbaya. Mzee akivunjika nyonga, wengi hawarudi walivyokuwa. Muulize kwa kuzunguka: "Mama, lile jeraha la kiwiko umelipata wapi?" Akisimama kutoka kitandani akaona kizunguzungu, apimwe presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, pengine dawa ndiyo inayomwangusha.

Choo ni mada ngumu, lakini usiikwepe. Choo cha shimo kinataka magoti ya kuchuchumaa, na kipo nje, usiku, kwenye utelezi. Mzee aliyeona tabu ya choo hufanya kitu kimoja bila kukwambia: anaacha kunywa maji. Hapo utaona mdomo mkavu, mkojo mzito, kukosa choo siku nne na kuchanganyikiwa. Baba anayeamka mara tano usiku na mkojo ukatoka kwa kusukuma anahitaji kuangaliwa tezi dume. Mama ambaye ameacha kwenda kanisani au kwenye maulidi, na godoro lake limegeuzwa, pengine mkojo unamponyoka na anaona aibu. Mtoto wa kike au shangazi ndiye wa kuuliza hili, wakiwa wawili tu, mlango umefungwa.

Macho na masikio nayaweka pamoja kwa sababu yote mawili huitwa uzee, na mara nyingi yanatibika. Akimimina chai ikamwagika pembeni ya kikombe, pengine ni mtoto wa jicho, na upasuaji wake ni wa muda mfupi. Redio ikipigwa mpaka nyumba ya tatu, huenda ni nta tu imejaa.

Hatua ya 5: Pima kusahau kwake

Kusahau jina la mjukuu wa kumi na nne hakuna neno. Hata mimi huwa nawachanganya. Kupotea njia ya kwenda sokoni aliyoipita miaka 40, hilo lina neno. Kusimulia hadithi ileile mara tatu jioni moja, kwa maneno yaleyale, huku akikuona mgeni kila mara. Kushindwa kurudisha chenji, yeye aliyekuwa mweka hazina wa kikoba. Kumtuhumu binti wa kazi kwamba ameiba kanga, na kanga mnaikuta ndani ya pipa la unga.

Mwombe simu yake uitazame, mkiwa pamoja. Ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" humkuta kila mtu. Swali ni kama yeye ametuma hela. Angalia pia namba ya siri ameiandika wapi. Nimewahi kuiona imeandikwa kwa kalamu nyuma ya simu yenyewe.

Tenganisha la ghafla na la polepole. Kumbukumbu inayofifia kwa miezi na miaka inahitaji daktari, ila unaweza kupanga safari. Mzee aliyekuwa na akili zake juzi, leo hamjui mwanawe, huyo ni mgonjwa wa leo. Inaweza kuwa malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, sukari, kukosa maji au dawa mpya, na kwa mzee inawezekana homa isiwepo kabisa. Mdomo ukienda upande, mkono mmoja ukalegea au maneno yakavurugika, ni kiharusi mpaka ithibitishwe vingine: hospitali saa hiyohiyo. Asikandwe kwanza. Kumwombea mtaendelea mkiwa njiani.

Na liko hili ambalo hatupendi kulisema. Bibi anayetembea usiku, anayeongea peke yake na kudai vitu vyake vinaibwa, mtaani hupewa jina la mchawi. Shinyanga na Mwanza vikongwe wameuawa kwa dhana hiyo, wengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu, wakati wekundu huo ni wa moshi wa kuni wa miaka 50. Majirani wakianza kunong'ona, usingoje. Zungumza na mwenyekiti wa kitongoji na viongozi wa dini, uwaambie kwa kinywa kipana kwamba mama anaumwa, na ugonjwa wake una jina.

Hatua ya 6: Uliza wanaomwona kila siku

Mwenye duka anajua kuliko wewe. Daftari lake la madeni litakuonyesha kama mama amenunua mafuta mara mbili siku moja, au hajaonekana wiki nzima. Muulize jirani wa karibu, muulize kiongozi wa jumuiya, muulize mhudumu wa afya wa kijiji.

Halafu mwite kando yule mjukuu. Familia nyingi tumempeleka mtoto wa miaka kumi au kumi na mbili "akakae na bibi", na tukaita hiyo ni huduma. Muulize anaamka saa ngapi, nani anachota maji, mara ya mwisho bibi alioga lini, na wiki hii ameenda shule siku ngapi. Nilipouliza mimi nilijibiwa, "Siku mbili, bibi akiumwa siendi." Hapo nilijua tuna watu wawili wa kusaidiwa, si mmoja.

Hatua ya 7: Andika

Chukua karatasi, chora safu tatu: anafanya mwenyewe, anafanya akisaidiwa, hawezi tena. Yaandike mambo yote kuanzia fedha, dawa, safari na kupika, hadi kuoga, kuvaa, choo, kuinuka kitandani na kula. Mwaka 1963 daktari wa Marekani, Sidney Katz, alionyesha kwamba uwezo wa mwili huondoka kwa mpangilio: mtoto hujifunza kula mapema na kuoga mwenyewe baadaye, mzee hupoteza kuoga kwanza na kula mwisho. Kwa hiyo mzazi akishindwa mambo ya fedha na dawa tu, anahitaji mtu wa kupita kila siku. Akianza kushindwa kuoga na kuvaa, anahitaji mtu wa kulala naye nyumbani. Karatasi hiyo irudie kila baada ya miezi mitatu, na utunze ile ya zamani.

Hatua ya 8: Mwambie, kwa adabu na faragha

Usimwambie mbele ya wakwe wala wajukuu. Usianze na "mama umezeeka". Mimi nilianza na udhaifu wangu: "Mama, nikiwa Dar silali, nawaza choo kile usiku. Nisaidie nilale." Akacheka, akasema choo hakina mdomo. Kesho yake mwenyewe akamwita fundi.

Baba ni kazi nyingine. Baba wengi hawashauriwi na mtoto, hasa juu ya mwili wao. Mtumie mdogo wake, shemeji yake au rafiki waliyekua pamoja. Mjukuu mwenye utani naye pia hufika mahali ambapo mtoto hafiki.

Omba jambo moja kwa safari moja, na usikimbilie kumhamishia mjini. Mzee aliyezoea kusalimiwa na kila apitaye, ukimfungia ndani ya geti Tabata, mchana kutwa na televisheni, anaweza kunyauka haraka kuliko angebaki kwake. Kuna wakati kuhama hakuepukiki, lakini isiwe jibu la kwanza kwa sababu tu ni rahisi kwako.

Mambo madogo hufika mbali. Fundi seremala atatengeneza kiti chenye tundu cha kuweka juu ya shimo la choo. Nguzo mbili na mti wa kushikia njiani. Taa ya sola ukumbini, ndoo yenye mfuniko chumbani kwa usiku, viatu vinavyoshika kisigino badala ya ndala.

Hatua ya 9: Kikao cha ndugu

Kundi la WhatsApp si kikao. Huko kila mtu ataandika "pole sana mama yetu" na kuweka mikono ya kuomba. Kaeni, au pigianeni wote kwa pamoja, karatasi ile ikiwa mbele. Kila kazi ipewe jina la mtu na siku yake: nani anampeleka kliniki, nani anapita Jumanne, nani anatuma hela, na hela inapokelewa na nani.

Ugomvi hutoka hapa: anayetuma hela kutoka Muscat anaona amemaliza, na dada anayemwogesha mama kila siku hahesabiwi mchango. Siku zake za kazi zihesabiwe, na awe na wiki za kupumzika. Dada akichoka, matusi ya uchovu wake humwangukia mama.

Hatua ya 10: Haki zake

Tanzania, Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na wasio na uwezo wanatakiwa kutibiwa bure kwenye vituo vya serikali. Mwone mtendaji wa kijiji au afisa ustawi wa jamii kuhusu kitambulisho cha matibabu, na hospitalini uliza dirisha la wazee. Bado weka akiba ya dawa, maana siku nyingine utaambiwa mkanunue. Mtumishi wa umma aliye na bima ya afya ya taifa, NHIF, anaweza kumwandikisha mzazi kama mtegemezi. Zanzibar ina pensheni jamii kwa wenye miaka 70 na zaidi tangu 2016, na Kenya ina Inua Jamii kwa umri huohuo.

Jumapili bado napiga simu, saa ileile. Nikishaitikiwa marahaba nauliza mboga ya jana ilikuwa gani, nani alipita Jumanne, na vidonge vimebaki vingapi. Juzi alikwenda kuhesabu, nikasikia kopo likifunguliwa. "Tisa," akasema. Mimi kwenye daftari langu nilikuwa na nane. "Basi cha leo sijameza. Subiri, usikate."